Sista Upande Gani na Alhamisi za Chumba Namba Sita

Leo, Alhamisi tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, muuguzi wetu wa chumba cha vidonda anahitimisha utumishi wa miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku kumi na moja. Siku hizo kumi na moja mwandishi wa wasifu huu amezihesabu mwenyewe, kwa sababu ni karani wa masjala, na karani wa masjala akikuambia "miaka thelathini na kitu" ujue mafaili yake yamelowa.

Wengi wenu hamlijui jina lake la kwenye barua ya ajira. Mgeni akilitaja pale mapokezi, mlinzi humwambia hakuna mtu kama huyo hapa, kisha anakumbuka, anacheka, na kumwelekeza kwa Sista Upande Gani. Jina hilo alipewa kwa utani na halikumtoka tena. Lilikotoka tutafika.

Alianza kazi akiwa na miaka ishirini na sita, katika wodi ya upasuaji ya wanaume, ambako wagonjwa walimwogopa kuliko sindano. Hakuwa mkali, ila alikuwa haongei. Inasemekana wiki yake ya kwanza alimfunga bendeji fundi seremala mmoja kwa ustadi hata yule mzee akawa anaigeuza geuza mikono yake, akitafuta ilipopigiwa msumari. Mwaka wa saba akahamishiwa chumba namba sita, mwisho wa ukumbi wa wagonjwa wa nje, ukishaipita maabara. Kina dirisha moja, beseni moja, kitanda chembamba, viti viwili na mlango unaolalamika ukifunguliwa. Mara tatu aliombwa awe msimamizi wa wodi, na mara tatu akashukuru akakataa. Barua zote tatu ziko masjala. Sababu aliyoandika ni ileile: "Nina mgonjwa ninayemsubiri." Uongozi ulidhani ni lugha ya unyenyekevu.

Haikuwa lugha ya unyenyekevu. Miaka kumi na minane iliyopita, Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa Juni, aliletwa chumbani humo mwanamke wa miaka ishirini na kitu, ameungua mkono kuanzia kiwiko hadi kiganja. Jeraha lilikuwa la siku tisa au kumi, limepakwa dawa ya meno, na halikuwa la kwanza, maana pembeni yake palikuwa na kovu la zamani la umbo lilelile. Aliyemleta alikuwa mama mtu mzima, nadhifu, mwenye sauti tamu, na karatasi zote za mgonjwa zilikuwa kwenye mkoba wake. Mama huyo alijibu kila kitu: jina, umri, mtaa, na kwamba mkono uliunguzwa na pasi huko anakofanya kazi ya udobi. Akajitambulisha kwa bashasha, "Mimi ndiye shangazi yake. Mama yake ni dada yangu, tumbo moja." Sista akaandika, kwa mwandiko wake ule wa kusomeka ambao madaktari wetu wangefaa kuuiga: Ameletwa na shangazi, dada wa mama.

Msomaji mwenye masikio ameshashtuka. Shangazi ni dada wa baba. Dada wa mama ni mama mkubwa au mama mdogo, na mtoto wa chekechea analijua hilo kabla hajajua kufunga viatu. Lakini sisi watu wa hospitali tuna ugonjwa wetu. Akija mtu mzima akataja undugu, tunampa shikamoo, tunampa kiti, na masikio tunayaweka kando, kwa kuwa kumhoji mkubwa ni kukosa adabu. Kwa hiyo kosa lile lilipita dirisha la mapokezi, likapita kwa daktari, likapita chumba namba sita, na wote watatu waliliandika bila kulisikia.

Mgonjwa mwenyewe alisema maneno mawili tu. Bendeji ilipokwisha kufungwa alimtazama Sista usoni akauliza, "Nirudi lini?" Na Sista, kwa adabu hiyohiyo tuliyofunzwa sote, akamgeukia mkubwa aliyekuwapo akamjibu yeye: "Mlete Alhamisi, mama."

Jioni ile jua lilikuwa bado halijazama. Alikuwa uani kwake anaanika sare, mtoto wa kaka yake akaingia akiita kuanzia mlangoni, "Shangazi, upo?" Akaitika kama anavyoitika siku zote. Kisha akabaki amesimama na sare mbichi mkononi mpaka maji yakamlowesha miguu, maana neno lile lilikuwa limerudi na safari hii alilisikia.

Asubuhi yake hakuingia kazini kwanza, alifuata anwani. Mtaa ulikuwepo, lakini nyumba zake ziliishia namba thelathini na moja, na kwenye kadi paliandikwa arobaini. Namba ya simu iliita kwa fundi saa mmoja ambaye hakuwa na dada wala mpwa, na ambaye alimhurumia hata akataka kumtengenezea saa yake bure. Polisi walichukua maelezo. Alhamisi ilipofika alipanga trei ya kusafishia jeraha tangu saa mbili asubuhi, akakaa. Akawahudumia wengine, akaipanga tena. Jioni akafunga mlango. Wenzake wakamwambia maji yakimwagika hayazoleki, na yeye akaandika mstari mmoja kwenye faili la mgonjwa.

Hapo ndipo mafunzo yalipoanza. Maneno "usafirishaji haramu wa binadamu" wakati ule tuliyasikia redioni tu, tukadhani ni mambo ya mipakani, yanawahusu askari. Sista akaanza kutuambia kwamba watu hao wanakuja hapa. Wanakaa kwenye benchi letu, tunawapima joto, tunawafunga vidonda, kisha tunawakabidhi kwa mikono yetu miwili kwa waliowaleta. Aliomba kozi, akanyimwa. Akaomba tena mwaka uliofuata, akapewa wiki mbili, akarudi na daftari limejaa mpaka kwenye majalada.

Mafunzo yake ya kwanza yaliitishwa kwa watu kumi na wawili. Walikuja watatu. Mmoja alifuata feni, na mwingine alidhani ni kikao cha sare mpya, akakaa mpaka mwisho akisubiri kupimwa mabega. Sista aliwafundisha watatu hao kana kwamba ukumbi umejaa hadi madirishani. Yule wa sare mpya ndiye leo mwalimu wetu wa pili wa mafunzo haya, na mabega yake hayajapimwa mpaka kesho.

Hakufundisha kwa maneno makubwa. Alisema hakuna alama moja inayotosha, na mtu asijifanye mpelelezi. Tazama nani anashika karatasi. Sikiliza nani anajibu. Jeraha linasema lina siku ngapi, na mdomo unasema siku ngapi? Mgonjwa anajua yuko mtaa gani? Ukisikia undugu, uliza kwa upole: upande gani? Ndipo jina likamganda. Alikiri kwamba mjini siku hizi kila mwanamke ni shangazi na kila mwanamume ni mjomba, kwa hiyo jibu bovu si kosa la jinai. Ni sababu tu ya kumwona mgonjwa akiwa peke yake, kwa dakika tano, na kumuuliza yeye. Anayetaka msaada aitiwe ustawi wa jamii. Asiyetaka leo aelezwe mlango ulipo, asilazimishwe. Na aliyemleta asifokewe kamwe, kwa sababu hasira yake hataimalizia kwako, ataimalizia kwa mgonjwa huko waendako.

Kuna waliokazana kupita kiasi. Mlinzi wetu wa geti, baada ya mafunzo yake, alimuuliza mama mmoja aliyemleta mtoto wa kaka yake: upande gani? Alikuwa shangazi halali, shangazi wa kuzaliwa, na alikuwa na nafasi siku hiyo. Alimsomea mlinzi ukoo mzima hadi babu wa nne, pamoja na nani aligombana na nani na kwa nini, huku foleni ikifika barabarani. Mlinzi tangu siku hiyo akiona mama mwenye umri huo huuliza tu kama safari ilikuwa njema.

Lakini siku ambayo wengi wetu hatutaisahau ni ile ya daktari mkuu. Sista alimwomba aigize mgonjwa. Masharti yalikuwa mawili: asiseme mpaka aulizwe, na aliyemleta ndiye ashike karatasi. Aliyemleta alikuwa mpishi wetu wa jikoni, mama mcheshi asiyeishiwa maneno. Madaktari wanne na wauguzi sita waliwahudumia kwa zamu. Dakika ya nne ilipofika, wote kumi walikuwa wanaongea na mpishi. Mmoja alimwandikia dawa daktari mkuu akampa mpishi maelekezo ya kumnywesha. Watu walikufa kwa kicheko, mpaka walipoona daktari mkuu hacheki. Alisema ana miaka hamsini na mitatu, wote waliomo humo ndani ni watumishi wake, na kwa dakika nne hakuna hata mmoja aliyemwona. Juma lililofuata alisaini ruhusa ya mafunzo kwa watumishi wote, pamoja na wafagizi, walinzi na sisi wa masjala.

Halafu kuna vita vya mzani. Sista aliuhamisha mzani kutoka ukumbini akautia kwenye kijichumba kando ya namba sita, ambacho mlango wake hauruhusu watu wawili kwa pamoja. Msindikizaji hawezi kuingia, naye hawezi kulalamika, kwa maana nani atagombana na mzani? Mtunza stoo aliweza. Aliandika barua nne kwamba mzani umehama bila kibali, na Sista akazijibu zote nne kwamba mzani haujahama, umekwenda kupumzika. Miezi minne walikuwa hawasalimiani. Siku moja mtunza stoo akamwona mtu akitoka kwenye kijichumba kile analia huku anashikwa mkono na mtu wa ustawi wa jamii. Akarudi stoo, akaandika kibali, akarudisha tarehe nyuma miezi minne. Masjala tulikipokea bila maswali.

Mtu yule aliyelia aligunduliwa na mfagizi wa ukumbi. Mfagizi hajui kusoma chati, lakini anajua viatu, maana anafagia chini. Aliona viatu vilevile visivyo na kamba mara tatu ndani ya mwezi mmoja, na kila mara vimeletwa na kaka mwingine. Akamwambia Sista kwamba huyu baba yake lazima alikuwa na wake wengi. Sista akaenda kumpima uzito. Saa moja baadaye mtu yule alitoka kwa mlango wa chumba cha kufulia nguo, akapelekwa alikopelekwa. Mfagizi alisubiri wiki nzima habari zake, kisha akauliza kama hata salamu hazitakuja. Sista akamweleza ndivyo kazi hii ilivyo. Mambo yakienda vizuri, hutasikia kitu tena.

Ni watu wangapi wamesaidiwa kwa miaka hii? Karani wa masjala anaijua idadi, na haisemi, wala leo haitasemwa. Hakuna picha ya kubandika ukutani wala barua ya shukrani ya kusoma hapa. Wengine wanaagwa na wodi nzima ya watu waliowaponya, wamekuja na wajukuu wao. Sista anaagwa na sisi tu, kwa sababu aliowasaidia ni lazima wakae mbali. Mcheza kwao hutunzwa, wanasema, lakini huyu amecheza miaka kumi na minane ndani ya chumba kilichofungwa mlango.

Ilimfanya mpweke, na tuseme ukweli, sisi tuliongeza. Chai alikunywa peke yake, kwa kuwa mwenye siri za watu hana umbea wa kuchangia mezani. Likizo zake ziliruka Alhamisi, akipumzika Ijumaa hadi Jumatano, na fomu ya likizo haina nafasi ya ujinga huo, kwa hiyo kila mwaka afisa utumishi alishika kichwa. Tulisema ana mchumba wa Alhamisi. Tulimtania miaka na miaka, na yeye alitabasamu akaturuhusu tufurahi. Mwandishi wa wasifu huu alijua sababu, akanyamaza kwa kuwa ni siri ya mgonjwa. Mpaka leo hajui kama alinyamaza kwa uaminifu tu, au pia kwa sababu alipenda kuwa mtu pekee anayejua.

Sasa nisimame kwa miguu yangu, niache kujiita mwandishi wa wasifu huu. Mwaka mmoja baada ya ile Jumatatu, Sista alishuka masjala, chini ya ngazi, ambako watu huja tu wakiwa wamepotea njia. Akaomba faili la yule mwanamke. Nikamweleza, kwa majivuno kidogo, kwamba faili lisiloandikwa kitu kwa miaka mitano hutolewa likachomwa. Akauliza ni kitu gani kinalifanya liwe hai. Nikasema maandishi mapya, hata mstari mmoja. Akaomba kalamu. Chini ya mstari alioandika ile Alhamisi ya kwanza, akaandika tarehe, na neno lilelile moja: Hajafika. Akatia saini, akaniambia asante, kaka, akapanda ngazi.

Tangu hapo alikuja kila mwaka, Alhamisi ya mwisho ya Juni. Mistari iko kumi na minane, mwandiko uleule, neno lilelile. Katikati ya kutoa faili na kulirudisha tulikuwa tunakaa dakika kumi hivi, yeye upande wake wa meza na mimi upande wangu. Aliniambia wahenga walikosea jambo moja. Walisema asiyekuwapo na lake halipo, na yeye alitaka la yule mwanamke liwepo, angalau kwenye karatasi, kwa kuwa aliuliza swali zuri na hakujibiwa. Nilikuwa naisubiri siku hiyo kuanzia mwezi wa tano. Mke wangu alishafariki na wanangu wako mbali, na dakika kumi za mtu anayekaa kwa hiari chini ya ngazi si kitu kidogo.

Wiki tatu zilizopita alishuka kabla ya siku yake. Aliuliza kama mstaafu anaweza kuja kuomba faili. Nikamjibu hapana, kanuni ya kumi na moja, faili hutolewa kwa mtumishi aliye kazini tu. Nilimjibu haraka, kama mtu anayejivunia kujua. Akaniambia asante, kaka. Alipopanda ngazi ndipo nilipomwona anashika ukuta, na nikajua nimefanya kosa lilelile la watu wa hospitali. Nimejibu kanuni, sikumjibu aliyeuliza.

Sista, hili linalofuata hulijui, na ndiyo maana niliomba niliandike mimi.

Siku ile nilifunga masjala saa tano asubuhi, jambo ambalo sijawahi kulifanya, nikapanda juu. Nilimkuta mwalimu wa pili, yule wa sare mpya, nikamweleza kwa nini hukuwahi kukosa Alhamisi. Sikutaja jina la mgonjwa wala sikumwonyesha faili. Mpango, kama unavyojua, ulikuwa kwamba ukistaafu, chumba namba sita kigeuzwe stoo ya magodoro. Tulikwenda kwa katibu wa hospitali, na mtunza stoo mwenyewe akaja nasi, akasema magodoro yanaweza kulala popote, ndiyo kazi yake godoro. Katibu alisema chumba kitabaki iwapo ataona majina ya watakaokaa humo.

Orodha ya zamu ilibandikwa jikoni, usikofika wewe, Jumatano iliyofuata saa mbili asubuhi. Kufikia Alhamisi mchana ilikuwa imejaa, kila Alhamisi ya mwaka mzima hadi Juni ijayo, na wengine waliandika pembeni kwa kuwa nafasi zimekwisha. Daktari mkuu ana Alhamisi sita. Mpishi amejiandikia mbili, na kwenye safu ya kazi ameandika "kukaa na kutokujibu." Mfagizi hana ruhusa ya kushika bendeji, lakini amejiandikisha zote, na kazi yake ameandikiwa "viatu."

Ulipoambiwa sherehe hii itakuwa leo saa nane mchana, uliuliza kitu kimoja tu, ukajibiwa kwamba chumba kitafungwa kwa saa mbili hivi. Hukubisha. Nilikuona umekunja ile aproni yako mara tatu, ukaikunjua, ukaikunja tena. Basi tazama viti vya wauguzi, safu ya pili. Kimoja kina mkoba juu yake na mwenyewe hayupo. Ni cha mwalimu wa pili. Usidhani amekudharau, yupo kazini, kwa sababu leo ni Alhamisi. Trei imepangwa tangu saa mbili asubuhi.

Na faili lipo juu ya meza yangu. Mstari wa kumi na tisa sijauandika, na sitauandika kabla ya saa tisa na nusu, kwa kuwa siku haijaisha na huenda akaja. Jioni ikifika nitauandika mimi, na mwakani nitauandika tena, na nikistaafu mimi nitakuwa nimemwonyesha karani mwingine mahali pa kuandika. Akifika, hata awe na mvi, ataulizwa yeye na kujibiwa yeye.

Kwa niaba ya hospitali nzima, asante, dada yetu. Asante kwa kutufundisha kuuliza, na utuwie radhi kwa utani wa mchumba. Tunakuombea mapumziko yenye afya, wapwa wasiokuchosha, na Alhamisi za kulala mpaka jua lipande. Chini ya ngazi kuna kiti, na kanuni ya kumi na moja inahusu mafaili, haisemi chochote kuhusu mgeni anayekuja kukaa dakika kumi. Mimi nitakuwepo.

Nenda salama, Sista. Chumba namba sita kina mtu.